Menifodi ya Kushoto

Mtu wa Mpanda hana sababu yoyote ya kumiliki boti. Mji wetu ni wa reli, mahindi, mpunga na asali, na wa wachimbaji wadogo wanaoingia sokoni jioni na vumbi hadi kwenye kope. Maji makubwa kuliko yote ninayoyaona kila siku ni dimbwi lililo mbele ya duka langu la steshenari, nalo hukauka kabla ya Juni kwisha. Ziwa Tanganyika ni letu, sikatai. Mkoa wa Katavi ulipokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012 tuligawiwa na pwani yetu, Karema na Ikola. Lakini pwani hiyo iko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye kiti ninachokalia, na katikati kuna milima, makorongo na ng'ombe wasiompisha mtu.

Hata hivyo ninayo robo ya boti.

Robo hiyo niliipatia harusini. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinivuta pembeni wakati watu wamemzunguka ndafu, akanieleza kwamba bandari ya Karema imejengwa, Wakongo wa Moba na Kalemie wanataka mchele, mchele uko Mpimbwe, na kinachokosekana hapo katikati ni boti tu. "Shemeji, hela imelala kule majini, inasubiri mtu wa kuiamsha." Aliyasema hayo akiwa na mfupa mkononi. Mke wangu alikuwa anatutazama kutoka upande wa kina mama. Mwanamume wa kumkatalia shemeji yake mbele ya ndafu bado hajazaliwa, na kama kazaliwa, kwake sasa hivi anapika mwenyewe.

Tangu siku hiyo anayeamshwa ni mimi. Naamshwa kwa simu.

Wenye akili pale mwaloni wana mashine ya kupachika. Inaning'inia tezini, ikigoma unalegeza skrubu mbili, unaibeba begani hadi kwa fundi, unaenda zako kunywa chai. Ya kwetu ni mashine ya ndani: dizeli ya silinda nane, nne kushoto na nne kulia, imekaa tumboni mwa boti chini ya mbao. Aliyeiunda boti hiyo, kwa ninavyoona, aliiweka mashine mchangani kwanza halafu akaizungushia mbao, akahakikisha kila nati inayoweza kuleta matatizo imegeukia ubavuni, mahali ambapo mkono unaingia lakini jicho haliingii.

Basi simu ikaita alfajiri. Nahodha.

"Mwalimu, shikamoo." Niliwahi kufundisha shule ya msingi kabla ya duka, na hilo jina halifutiki hata kwa kifutio cha ubao.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mashine inakunywa."

"Inakunywa nini?"

"Ziwa, Mwalimu."

Kwa ambaye hajapatwa na balaa la boti, nieleze. Moshi unaotoka kwenye silinda hukusanywa na bomba nene la chuma cha kusubu lililofungwa ubavuni mwa injini. Hilo ndilo mafundi wanaloliita menifodi ya ekzosi. Kwenye lori, menifodi hupozwa na upepo wa barabarani, na ikiwiva nyekundu ni shauri yake. Kwenye boti huwezi kuacha chuma chekundu chini ya mbao kavu, jirani na tanki la dizeli, na juu yake abiria wamekalia magunia. Kwa hiyo waliobuni wakaipa ngozi mbili. Ndani kabisa unapita moshi. Kati ya ngozi na ngozi yanapita maji yanayovutwa na pampu kutoka ziwani. Na mwishoni, kwenye kiwiko, maji na moshi vinakutanishwa na kutemwa nje pamoja. Yaani moto na maji wamepangishwa nyumba moja, na ukuta wa katikati haufiki unene wa kidole. Kwa nini mtu mwenye elimu yake alikubali mpango huo, mimi sijui, na kwa robo yangu sina nafasi ya kumuuliza.

Ukuta ukitoboka, maji hayana adabu ya kutoka nje. Hurudi kinyumenyume kwa njia ya moshi, hupita kwenye valvu, huingia silinda na kutulia. Na maji si hewa, hayakandamiziki. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachopinda ni konrodi. Yaliyobaki hujipenyeza kwenye oili, ndiyo maana nahodha alipochomoa kijiti cha kupimia alikuta oili nyeupe, ina povu, na imepanda kupita alama ya juu. Nahodha huyo ni mtu wa shukrani. Aliniambia, "Oili imeongezeka yenyewe, Mwalimu."

Vitabu vya mashine hizi vimeandikwa na watu wa baharini. Vinatisha watu kwa chumvi, vinasema baharini menifodi hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kwamba mwenye maji baridi atulie, yake itakaa sana. Shemeji alinisomea sehemu hiyo tukiwa bado tunatafuta pesa za kununulia. Sasa Tanganyika ni maji baridi kwa maana ya kwamba utayanywa na usife, lakini si maji ya mvua. Yana magadi, yana magnesiamu, na popote yanapochemshwa huacha ukoko mweupe. Ukoko huo ukijaa kwenye njia za maji ndani ya menifodi, mahali pale panabaki na joto bila mpozaji, na chuma cha kusubu kilichochoka joto hupasuka bila kuaga.

Na kuna lile la mapumziko. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha, uvuvi ukasimama kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na samaki, wazaliane. Lakini boti yetu, ambayo mchele ukikosekana hubeba dagaa na migebuka, ilivutwa mchangani ikalala msimu mzima, na hakuna aliyefungua vile viplagi vidogo vilivyo chini ya menifodi ili maji yatoke. Shemeji alipoulizwa alisema alidhani nahodha ameshafungua. Nahodha alidhani shemeji ndiye mwenye spana. Mwenye robo ya tatu alisema yeye ni mwekezaji. Mwenye robo ya nne yuko Sumbawanga na hapokei namba asizozijua, na ametusahau wote. Kwa hiyo maji yakabaki tumboni, na kutu ikaendelea na uvuvi wake kana kwamba haikusikia tangazo.

Mpanda haina upungufu wa mafundi. Tuna mafundi wa malori, wa bodaboda, wa mashine za kusaga, na wale wa karasha za dhahabu, ambao wanajiona wako daraja moja juu ya wengine kwa sababu wanalipwa na watu wenye furaha. Habari ya menifodi ilipofika kijiwe cha kahawa, wote walikuwa na dawa. Mmoja akasema nitie gundi ya chuma. Mwingine akasema niikate ngozi ya nje, menifodi ipozwe na upepo. Nikamuuliza, upepo upi, chini ya mbao? Akajibu bila kupepesa, "Wa ziwa." Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi relini alinyamaza muda mrefu, akanywa vikombe viwili kwa hesabu yangu, halafu akasema garimoshi halikuwahi kuwa na tatizo hilo.

Shemeji yeye hakusubiri ushauri. Aliifungua menifodi mbovu akaipeleka kwa mchomeleaji wa mageti. Chuma cha kusubu hakichomelewi kama geti. Kinatakiwa kipashwe moto chote, kichomelewe taratibu kwa vijiti vyake maalumu vya nikeli, halafu kifukiwe kwenye majivu kipoe polepole hadi kesho yake. Yule kijana alikipiga moto hapo hapo kwenye ufa, akajaza, akasugua, ikapendeza. Tulikuwa tumesimama tunaisifia kazi ndipo ikalia "tii!" Ufa mpya, sentimita chache kutoka ule wa zamani, na huu ulikuwa mrefu zaidi. Pesa ya kazi aliidai yote. Alisema ufa aliopewa ameuziba.

Ikabidi itafutwe nyingine. Spea ya namna hiyo huipati Mpanda, wala Tabora, wala Kigoma usipokuwa na bahati. Unapiga simu Dar es Salaam, Gerezani, ambako kila kilichowahi kufungwa kwenye injini popote duniani kiko dukani kwa mtu, chini ya kitu kingine. Muuzaji mmoja akasema nitume picha. Nikatuma. "Hiyo ipo, mzee, orijino, ya Dubai." Sikumuuliza lini Dubai ilianza kusubu menifodi. Bei yake ilikuwa ya ng'ombe, na simaanishi ndama. "Tuma na ya kutolea," akamalizia.

Nikatuma na ya kutolea. Mzigo ukaja kwa basi, umefungwa vizuri kabisa, na ndani ya mzigo ulikuwa umekaa upande wa kulia.

Injini yenye silinda kushoto na kulia ina menifodi mbili, na hazifanani, kama vile kiatu cha kushoto kisivyofanana na cha kulia. Nilimpigia muuzaji. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mgonjwa, "Geuza tu, mzee." Nikaiweka juu ya meza ya dukani, kati ya mashine ya fotokopi na madaftari, nikaigeuza. Kweli inageuka. Ikishageuka, kiwiko kinachotakiwa kutema moshi tezini kinaelekea omo, na nahodha angevuta moshi wa silinda nne kutoka Karema hadi Moba. Kuirudisha Dar kwa gharama yangu alikubali mara moja. Kwa gharama yake mtandao ukaanza kukatika.

Hapo ndipo nilipoanza kuwahusudu Wajerumani. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikabomolewa, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Makasha 5,000, kabla ya simu ya mkononi, kabla ya mtu kumwambia mwenzake tuma picha, na bado ikaelea. Mimi niliagiza kasha moja. Vita vilipowaelemea, Julai 1916, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi isichukuliwe na adui, lakini mafundi wao waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka kadhaa chini ya maji, ikaokolewa na grisi. Kumbuka neno hilo, maana tutafika kwenye stadi, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokaziwa nati, na aliyefunga stadi za boti yetu hakuwahi kuonyeshwa grisi maishani mwake.

Menifodi ya pili, ya kushoto kweli, ilitoka duka jingine na ikaja kwa treni. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Mgodi ulishafungwa zamani, treni bado inakuja, nami nilikuwa stesheni kuipokea kwa sababu siku hizi siamini kitu mpaka nimekishika. Ilikuwa ya mtumba, kwa hiyo niliipima. Kipimo chake ni rahisi na kinanuka. Unaziba matundu ya maji kwa plagi za mbao, unamimina mafuta ya taa kati ya ngozi mbili, unaiacha ikae juu ya magazeti mpaka asubuhi. Mafuta ya taa hupenya ufa ambao maji hayauoni. Magazeti yalilala makavu. Duka lilinuka koroboi wiki nzima, na mwanafunzi mmoja wa chuo aliirudisha kazi yake ya fotokopi akisema mkufunzi ataiona ina maandishi ya enzi za ukoloni.

Fundi aliyekubali kwenda Karema alikuwa wa karasha. Alikubali kwa masharti: posho, nauli, chakula, na msaidizi wake aje, kijana mwembamba asiyesema. Nilimlalamikia huyo msaidizi njia nzima, moyoni, kwa sababu nauli yake niliilipa mimi. Menifodi tuliivisha salfeti, konda akaidai nauli ya mtu mzima kwa vile ilikuwa imekalia nafasi ya mtu mzima, na ikawekwa miguuni kwangu na kwa mama mmoja aliyekuwa na kuku.

Hakuna mtu katika gari lile aliyekubali kusafiri bila kujua salfeti ina nini. Dereva alisema ni ya trekta. Mwingine akasema ni karasha ndogo. Yule mama hakusema. Aliipapasa juu ya salfeti, akalikuta tundu la maji, akaingiza kidole, akafuata bomba kwa mkono hadi mwisho, halafu akaniinamia.

"Baba, hii ndani kunapita mvuke, nje maji ya baridi?"

"Moshi, mama. Ni ya boti."

"Moshi na mvuke ni ndugu." Akaitazama tena kwa heshima ambayo mimi sijawahi kupewa katika gari la abiria. "Ikipitishwa mvuke, upande wa pili inatoka matone." Sikujibu. Wote tunajua ni kitu gani kinatengenezwa kwa mvuke na matone huku vijijini, na hakina leseni. Aliuliza kama ninazo nyingine. Nikamwambia iko moja nyumbani, ila ni ya kulia. Akasema upande si tatizo.

Karema tulifika jioni. Kuna ngome pale, ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 wakaja kuiachia mapadri wa White Fathers, na inasemwa ilijengwa jirani na maji; halafu ziwa likateremka, likaiacha juu imeshangaa. Miaka hii ziwa limepanda tena na kumeza sehemu za pwani yake. Nalitaja hili kwa sababu boti yetu ilikuwa imevutwa juu mchangani pakavu na tuliikuta mkia uko majini, na fundi wa karasha, mtu wa milimani, alikataa kushuka humo mpaka nahodha alipomhakikishia kwa mkono juu ya kifua kwamba haitaondoka naye.

Kazi yenyewe, ukiisoma kwenye kitabu, ni ya asubuhi moja: fungua kiwiko, fungua mipira ya maji, legeza nati nane, toa ya zamani, weka gasketi, funga mpya. Kitabu hakijawahi kulala kifudifudi juu ya injini huku ubao unakichoma mbavu. Kabla ya lolote fundi alitoa nozo zote nane, akaizungusha injini kwa mkono na spana kubwa, na kutoka tundu la tatu la kushoto maji yakaruka hadi kwenye shati langu. Nilifurahi, kusema kweli. Maji yaliyoko kwenye shati hayapindi konrodi.

Halafu stadi. Menifodi ile shemeji aliwahi kuifungua na kuirudisha kwa nguvu baada ya yule mchomeleaji, akazikaza nati kana kwamba anamfungia shetani ndani, kavu, bila tone la mafuta. Tano zilitoka. Mbili tulizilaza usiku kucha kwenye dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, asubuhi zikakubali baada ya kubembelezwa mbele robo, nyuma robo. Ya nane, ya ubavuni kabisa, ile ambayo jicho haliioni, ilikatika. Nilisikia mlio wake nikiwa ufukweni. Kisiki kilibaki ndani ya silinda hedi, kimetokeza kidogo mno kwa koleo lolote.

Watu wa mwaloni walikuwa wameshakusanyika, kila mmoja na rai yake. Ndipo yule kijana asiyesema akavua shati. Mkono wake ulipita pale ambapo wa fundi ulikwama kwenye kiwiko. Alichukua nati mpya, kubwa kidogo kuliko kisiki, akaikalisha juu yake kwa kupapasa, kioo kidogo cha pikipiki kikiwa kimeegeshwa ubaoni ili aone anachokifanya, akaomba mashine ya kuchomelea iliyokuwa inatumika kwa mkokoteni jirani. Tukaloanisha magunia tukayapanga kila upande, ndoo za maji tayari, mbao na dizeli hazina utani. Akaijaza nati moto katikati hadi ikashikana na kisiki kikawa kitu kimoja. Akangoja wekundu uishe. Halafu spana, taratibu, kidogo tu. Ule moto uliochomelea ndio pia uliolegeza kutu. Kisiki kikatoka kinazunguka chenyewe. Mwaloni mzima ukapiga makofi, na nauli yake nikaisamehe, ingawa sikumwambia.

Kuhusu gasketi sitaki kusema mengi, presha itapanda. Fundi alileta wazo la kukata boksi la biskuti na kupaka silikoni pande zote, kama wanavyofanya kwenye pampu za karasha. Upande wa maji boksi lingevumilia. Upande wa moshi lingeungua kabla hatujaipita Ikola. Nilikuwa nimenunua gasketi za bati kwa pesa yangu, nikazitoa kwenye bahasha, akaziangalia akasema na hizo pia zitafaa. Nati alizifunga kuanzia katikati kwenda pembeni, mizunguko mitatu, kila mzunguko akiongeza. Spana ya kupimia mkazo hana. "Mkono wangu ndio mita," akasema, na safari hii, mbele ya macho yangu, kila stadi ilipakwa grisi. Nilisimamia hilo mwenyewe kama msimamizi wa mtihani.

Oili ilimwagwa, ikatiwa mpya, injini ikazungushwa, ikamwagwa tena, ikatiwa nyingine, kwa sababu povu lile halitoki kwa kutishwa. Nozo zikarudi. Nahodha akapiga stata. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, moshi ukawa wa kijivu, tezini maji yakaanza kutoka kwa vipindi kama inavyotakiwa. Fundi akaiacha ipate moto, akaizima, ikapoa, akapita tena nati zote nane maana chuma kikishapanuka na kujikunja hulegea. Kijiti cha oili kikatoka cheusi safi. Nahodha akanipa mkono. Shemeji, ambaye alitokea ghafla mara tu injini ilipowaka, akatoa hotuba fupi kuhusu ushirikiano.

Ndipo kijana asiyesema akasema. Alikuwa bado amelala tumboni mwa boti na tochi mdomoni, akaitoa, akanyoosha kidole upande wa pili.

"Na hii inatoa jasho."

Ya kulia. Chini, karibu na silinda ya mwisho, unyevu mwembamba ulikuwa unatokeza kwenye chuma, unakauka kwa joto, unatokeza tena. Si ajabu, mwenzake alikuwa na umri huo huo, amelala mchangani msimu huo huo na maji yale yale tumboni. Kila mtu akanyamaza isipokuwa mimi, maana kwa mara ya kwanza tangu ile harusi nilikuwa na jibu. Ya kulia tunayo! Ipo nyumbani Mpanda, chini ya meza ya fotokopi, imelipiwa, haijaguswa. Nikampigia mke wangu aipakie kwenye gari la kesho.

"Ile ya chuma?" akauliza. "Si kaka aliichukua?"

Nikamgeukia shemeji. Shemeji alikuwa anachunguza upeo wa ziwa kwa umakini mkubwa, kama mtu anayetarajia kuiona Kongo inakuja.

"Shemeji, iko wapi?"

"Ilikuwa imekaa tu, shemeji. Mtaji uliolala."

"Umemuuzia nani?"

"Kuna mama mmoja alikuja nyumbani kuiulizia. Alikuwa na kuku." Akashusha sauti. "Alitoa bei nzuri. Na hawezi kuirudisha, ameshaifungia mahali, inafanya kazi usiku na mchana. Tena anaisifu."

"Pesa iko wapi?"

"Ndiyo nauli niliyokujia nayo hapa." Akaweka mkono begani kwangu. "Lakini usijali, yule bwana wa Gerezani nimeshaongea naye. Anasema ya kulia anayo, tumtumie picha tu. Robo yako haizidi laki na kitu. Na ya kutolea."